Kanda ya Mwisho ya Fundi Mkanda

Wapendwa wenzangu, nawasalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu. Hamjambo? Afya zenu zikoje, na watoto wanaendeleaje? Sisi wa chumba cha kanda tu wazima, ila mioyo haijatulia. Ijumaa hii, tarehe thelathini, Fundi Mkanda anastaafu baada ya kuitumikia studio yetu miaka thelathini na minne.

Alianza kwa kubeba taa kwenye harusi. Mpiga picha alipoteguka bega, yeye ndiye aliyeichukua ile kamera nzito, asiitue kwa miaka tisa. Kisha akahamia kwenye deki, mashine ya kuchezea kanda za video: kurudufu kanda, kuzisafisha, kuunga utepe uliokatika. Zilipoingia sahani za kung'aa badala ya kanda, watu walimwambia kazi yake imekwisha. Akasema, "Hao wageni, wapeni chai." Sahani zilikuja, zikaondoka, naye bado yupo na deki yake. Flashi ndiyo iliyomshinda kuizoea. "Harusi nzima na mashemeji wote mmewatia kwenye punje ya mahindi? Kuku akiimeza je?"

Kanuni yake wote tunaijua: kanda yenye ukungu hupita kwenye deki mara moja tu, maana kila ikipita inachubuka. Basi kompyuta ya kunakilia iwe inapokea kabla deki haijawashwa.

Sasa niwaambie jambo ambalo nimelificha. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja mshonaji na kanda ya harusi yake, iliyokaa ndani ya begi miaka ishirini na sita. Humo baba yake anampa nasaha. Mzee alifariki mwezi uleule. "Fundi, sauti yake imenitoka kabisa," alisema. "Nimebaki na kikohozi chake tu."

Fundi aliinusa kanda, akakunja uso. Akaifungua, skrubu tano akazipanga kwenye kifuniko cha chupa, akaufuta utepe kwa saa tatu, akauhamishia kwenye ganda zima la kanda nyingine. Mama alikaa kwenye benchi nje ya kioo, mkoba mapajani, hataki hata maji.

Wa kompyuta nilikuwa mimi. Fundi akauliza, "Tayari?" Nikasema tayari, nikafumba macho kuomba. Nilipoyafumbua, dakika nne zilikuwa zimepita na kompyuta haijapokea kitu. Sikuwa nimebonyeza.

Fundi alisimamisha deki, akaniangalia.

"Ulikuwa unaomba?"

Nikaitika.

"Basi bonyeza kwanza, ndipo uombe."

Akaurudisha utepe kwa kidole, mzunguko kwa mzunguko, akaiwasha tena. Safari hii deki ilianza kukwaruza. Mzee alitokea, akafungua mdomo, na utepe ukakwama. Fundi akazima, akainua kifuniko, akaunasua kwa kibanio kidogo cha nyusi huku akigeuza uso ili jasho lisidondokee ndani. Mimi sikuthubutu kufumba macho tena.

Tulipata dakika moja na nusu ya sauti ya mzee, safi. Lakini mwanzo, pale alipomwita binti yake kwa jina, ulikuwa umechubuka. Umebaki mvumo.

Fundi akatoka akamwambia, "Mkono wangu ulichelewa, mama. Mwanzo umenipotea. Nisamehe."

Mama alisikiliza kilichobaki mara tatu. "Kumbe alikuwa anaongea haraka hivi," akasema, akajifuta macho, akashukuru, akaenda. Nami nikamwacha aende.

Ndugu zangu, mkono haukuwa wake. Ulikuwa wangu. Mtu asitoke kazini baada ya miaka yote hiyo akiwa amebeba kosa la mwenzake. Jana nilikwenda kwa mama mshonaji nikamweleza. Akasema nimpe muda. Nimempa.

Fundi, kwa niaba ya wote, asante kwa kila harusi, kila msiba, kila mtoto aliyecheka ndani ya kanda na leo ni mzazi. Mungu akujalie mapumziko yenye afya na amani nyumbani kwako.

Nimesikia umependekeza deki nikabidhiwe mimi. Sitaigusa mpaka uniambie, baada ya kusoma haya, kwamba bado ndivyo unavyotaka. Uso kwa uso nimeshindwa kukuuliza. Tafadhali nijibu mapema.