Maisha ya Zoilo wa Trale, Mtunzi wa Visa vya Wapenzi

Ndugu waombolezaji, nanyi mliopanda kutoka Efeso, familia imenituma mimi, Molosi, kaka wa mjane, niwasomee maisha ya shemeji yangu Zoilo.

Marehemu alizaliwa hapa Trale, siku ya nne ya mwezi wa zabibu, mwaka wa tatu wa Kaisari aliyetangulia, akiwa mtoto wa pili wa Atalo, mtia rangi sufu. Alisoma kwa mwalimu Pankrate, aliyemtaka awasifu wafalme waliokufa, lakini yeye akawa anaandika habari za wapenzi waliotekwa na maharamia, mpaka mwalimu akamwambia, “Kichwa unacho, kijana, ila moyo wako uko sokoni,” naye akacheka, akaenda zake, akawa karani wa mahakama hadi uzeeni.

Kila alasiri aliwasomea watia rangi vitabu vyake uani kwa baba yake, na huko ndiko alikopata mke, maana siku aliyosoma jinsi Nikarete mrembo alivyozikwa, dada yangu Amia, aliyekuwa akisokota sufu, alimkatiza mbele ya watu, “Wee Zoilo! Binti wa watu umemuua ili tulie tu? Kamtoe kaburini!”

“Dada, ameshazikwa.”

“Kwani mji huu umeishiwa wezi wa makaburi?”

Kesho yake, kitabuni, wezi wakavunja kaburi, wakamkuta Nikarete anapumua, uani pakalipuka shangwe, na mwaka uliofuata, mwezi wa arusi, Zoilo na Amia wakaoana, wakajaliwa Trifaina na Glikoni.

Majira ya baridi haya alishikwa na kifua, kitabu chake cha mwisho hakijaisha, humo mke yuko Misri, mume yuko utumwani Babeli, mji mzima roho juu, hata daktari Hermoge alipokuwa akimpima alimnong’oneza, “Mzee, usituache hapa, wanakutana lini?” Basi Zoilo akawa anasema, anakohoa, anasema tena, Trifaina anaandika, watia rangi wamejazana mlangoni na mikono yao ya zambarau, mpaka wapenzi wakashikana bandarini, karamu ikaandaliwa.

“Mama Trifaina,” akauliza, “tuwape chakula gani?”

“Samaki wa kukaanga na maandazi ya asali,” Amia akajibu akifuta machozi, “na wale washibe, wamehangaika mno.”

“Andika hivyohivyo,” akamwambia bintiye, akicheka, na asubuhi ya siku ya saba ya mwezi huu akakata roho usingizini, akiwa na miaka sitini na miwili.

Tunamshukuru daktari Hermoge, makarani wenzake, na majirani waliotuletea kuni na supu.

Lala salama, Zoilo, hukumwacha mtu njiani.