Kitanda Bado Kina Mtu

Sogeeni wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda hiki, na wewe mkubwa wangu zima hiyo simu yako, lakini kitinda mimba usiizime yako, tutaihitaji. Sauti niliyobakiwa nayo ni kidogo, wala sikukusudia kuitumia kwa ukali. Nilikuwa nimewapangia maneno matamu ya kuagana, na yote yamenitoka kichwani asubuhi hii kwa mshtuko.

Mnajua simu yangu hulala chini ya mto. Imelia, nikadhani ni mteja, maana wateja wangu wa mtandaoni hawajui kama naumwa. Wao wanajua kuna mama mmoja, fundi cherehani mstaafu, anayewauzia marafiki zake vitu vyao kwa picha safi na maneno ya kweli. Na kweli alikuwa mteja, yule bwana anayeniita shangazi. Ameandika: "Poleni sana kwa msiba. Shangazi alikuwa mtu wa haki. Samahani kuuliza wakati huu wa majonzi, kile kitanda bado kipo?"

Msiba! Nilijishika kifua, nikadhani mmoja wenu amenitangulia. Nikafungua tangazo alilonitumia, nikakiona chumba hiki hiki: cherehani yangu, kabati, redio, meza na viti vyake, kioo, na kitanda hiki ninachokilalia, na pembeni ya picha, ee Mola wangu, mguu! Mguu wangu, wanangu, na soksi yangu ya kijani niliyoifuma kwa mkono, umechungulia nje ya blanketi. Na juu yake mmeandika: "Vitu vya marehemu mama yetu, bei ya kuondoa haraka." Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini kujisoma marehemu huku nangoja chai yangu, hilo sikulitarajia. Nikamjibu yule bwana: "Kipo, ila bado kina mtu."

Cheka binti yangu, usijizuie. Mimi mwenyewe nilicheka, kisha nikalia.

Na wewe kitinda mimba usiinamishe kichwa. Najua dawa zangu zimewakausha mifuko, na najua kaka yako alikwambia, "Wewe ndiye unayejua mambo ya mtandao, uza, nusu yako, nusu yetu," kwa kuwa ukuta huu ni wa mbao na masikio yangu hayajaugua. Tutafika kwenye hiyo nusu. Tangazo lenyewe ningelisamehe kabla chai haijapoa. Kilichonikausha mate ni kingine. Nilipoitazama picha vizuri, sikuona nyuzi. Nyuzi zangu mmezipeleka wapi?

Mmemsikia dada yenu? Ati, "Tulizikata, mama, zilikuwa zinaharibu picha." Zinaharibu picha! Nipeni maji kwanza.

Haya, sikilizeni msilolijua. Katika vitu vyote vilivyojaa humu hata mtu akose pa kukanyaga, vyangu ni cherehani, kabati na soksi. Vilivyobaki ni vya marafiki zangu, walioniletea niwauzie. Kila mmoja nilimpa rangi yake ya uzi, nikaufunga kwenye mguu wa kiti au nyuma ya kioo. Majina sikuandika, maana wanunuzi huja hapa kukagua, na wengi ni wa mtaa huu huu, na mtu akisoma jina atajua ni nani aliyebanwa mpaka anauza meza anayolia chakula. Shida ya mtu ni nguo yake ya ndani, haianikwi barabarani. Mtaniambia mali bila daftari huisha bila habari, na ni kweli, leo nusura iishe. Mngeviuza, mkagawana, na wenyewe wangekuja kunizika na kuona haya kuuliza, halafu wangerudi makwao wakijua nimewaibia. Hilo, wanangu, ndilo lililonitisha kuliko kifo chenyewe.

Kapu la taka limeshamwagwa? Bado? Kimbia basi, kitinda mimba, kaniletee nyuzi zangu, hata kama zimechanganyika na maganda.

Wakati anafukua, niwaambie juu ya nusu. Mama Vikombe, rafiki yangu wa tangu usichana, ndiye wa kwanza kuniletea kitu: vikombe vya marehemu mama yake, ndiyo maana tukamwita hivyo. Nikamwambia sitaki malipo, sisi ni ndugu. Akavifunga vikombe vyake kwenye kanga, akashika njia ya mlangoni. "Ukiniuzia bure leo," akasema, "kesho nikibanwa tena nitakuja na uso gani? Taja chako, mwenzangu, nije kama mteja, nisije kama ombaomba." Mkono mtupu haulambwi, nilikuwa nalijua, ila nilidhani limesemwa kwa watu baki. Tukakaa hapo hapo tukaipima kazi yenyewe: kupiga picha, kuwajibu wanaouliza bei bila nia ya kununua, kuwangoja wanaosema "nipo njiani" na bado wako kitandani, kununua bando, kubeba. Tukakubaliana fungu moja katika kumi, na kitu kisipouzwa kinarudi kwa mwenyewe bila gharama. Wote waliofuata niliwatoza hivyo hivyo, mwenye shida kubwa na mwenye shida ndogo. Dalali anayechukua nusu, mkubwa wangu, amejigeuza mwenye mali.

Na semeni mapema ni kumi ya nini. Mkunga, aliyewapokea ninyi nyote watatu kwa mikono yake, aliniletea jokofu, nikaliuza kuzidi bei aliyoitamani, nikakata fungu langu katika bei yote. Yeye alitegemea nikate katika ile aliyoitaja. Tukanuniana, wanawake wazima meno yanatutoka, tunapishana sokoni kila mmoja anajifanya anachagua nyanya, kwa neno ambalo lingesemwa mlangoni kabla jokofu halijaingia. Mwiteni. Mwambieni nimesema haki katika ugomvi ule ni nusu yake na nusu yangu. Hapo ndipo nusu inapofaa.

Umezipata? Weka hapa kiganjani. Binti yangu, funga wewe, vidole vyako vimerithi vyangu. Bluu ni Kinyozi: redio na kioo. Manjano ni mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona: meza na viti vyote, hata kile chenye mguu uliounganishwa, na waambieni wanunuzi umeunganishwa. Cherehani ni yako wewe unayefunga, wala sitaki kuiona mtandaoni. Kabati ni lako, mkubwa. Liuze ulipie dawa zangu, na umpe mdogo wako fungu lake moja katika kumi, hata kama ni kabati la mama yenu, tena mpatane kabla hajapiga picha. Na wewe, mwenye mikono inayonuka taka, chukua simu yangu. Humo mna watu wanaonunua kitu wasichokiona kwa sababu mimi nimesema kiko hivi. Sina mali nyingine kubwa kama hiyo. Lifute lile tangazo kwa simu yako kabla sijafumba macho, uandike jingine kwamba mama yenu yu hai. Ikibidi kulibadilisha, utalibadilisha baadaye.

Nisogezeeni mto... hivyo, asanteni. Mungu awafungulie, wanangu. Awape riziki isiyo na kilio cha mtu ndani yake. Mpendane, na mnapopeana kazi msioneane haya kutaja malipo.

Mbona umeshika uzi mwekundu unaangaza huku na huku? Ufunge hapa. Hapa, mguuni pa kitanda.

Ndiyo. Ni cha Mama Vikombe. Alikileta baada ya mumewe kufariki, akitaka pesa ya kuezeka, kwake kunavuja mpaka leo. Nami nikaanguka kabla sijakipiga hata picha. Akanikuta sakafuni, akasema, "Lala kwanza, mteja hakimbii." Kila siku anakuja, anakaa ukingoni hapo ulipo, ananinywesha dawa... na hajauliza hata mara moja kitauzwa lini. Nanyi mkakiweka bei ya kuondoa haraka.

Mkishaniinua, kipanguseni. Kipigeni picha, bila mguu. Kiuzeni kwa thamani yake, na pesa yote... yote, mpelekeeni. Atabisha. Atalitenga fungu la dalali, awasukumie mkononi, namjua. Msilipokee. Kaza huo uzi, binti yangu, kaza... Mwambieni mama alishachukua chake. Alikilalia.