Dada Yetu na Nyuzi Zilizojisuka Zenyewe

Ndugu, jamaa na marafiki, dada yangu aliniachia agizo: "Wewe ndiye utakayesoma, na usiwalize watu." Basi anayetaka kulia alie, lakini mimi nisilaumiwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na muuguzi. Mama alishikwa na uchungu akiwa zamu katika wodi ya wazazi. Alivua aproni, akapanda kitanda alichokuwa amekitandika mwenyewe.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974 na sekondari ya bweni mwaka 1980, kisha akasomea kemia chuo kikuu hadi shahada ya uzamivu, 1991. Nyumbani tulidhani atatengeneza sabuni. Kila likizo baba alimwuliza, "Sabuni bado tu?"

Kumbe mwenzetu alikuwa na lake. Kwa miaka thelathini alitafuta molekuli ndogo za kuingia ndani ya seli ya saratani, na humo, bila mkono wa mtu, zishikane zenyewe ziwe nyuzi, ziibane seli ile mpaka ife. Seli nzima ya jirani zisiiguse. Kila asubuhi alipindua juu chini vichupa vyake vya molekuli hizo. Kilichomwagika kimeshindwa, kilichoganda kimefaulu, maana nyuzi zimeshikana. Wenzake wakambandika jina la Pindua.

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1992 na fundi seremala aliyekuja kutengeneza meza za maabara. Siku ya kutambulishwa ukweni alipewa bakuli la mtindi. Mazoea yana taabu jamani! Akalitazama, akalipindua juu ya kitambaa cheupe cha meza. Mtindi haukuwa umeganda. Mama mkwe akamgeukia mwanawe: "Baba, huyu umemtoa wapi?" Shemeji akajibu, "Maabara, mama." Wote wakaangua kicheko, na tangu hapo wakwe hao wawili wakawa chanda na pete.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kushindwa kazi, na mwaka huohuo dawa yake ikaanza kujaribiwa kwa wagonjwa. Watu walimwuliza, "Mbona hujidungi?" Alijibu, "Dawa yangu ni ya uvimbe. Moyo wangu hauna uvimbe, una ukaidi." Aliomba jambo moja tu: asiondoke kabla ya kusikia kwamba imemfaa mtu, hata mmoja. Wagonjwa wa mwanzo haikuwafaa. Siku alipoletewa habari hiyo alilia, na mimi nikalia naye.

Mwezi Mei uliopita, daktari wa majaribio aliingia wodini alikolazwa dada, na picha za vipimo. "Mama, uvimbe wa yule mwalimu wa chekechea tuliyemdunga dawa yako umenywea. Hauonekani."

"Pima tena."

"Tumerudia, mama. Haupo."

Alipiga kigelegele hicho! Muuguzi akaja mbio akidhani kuna aliyekufa. "Hapana, mwanangu," akamwambia, "kuna aliyepona."

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Aliondoka na furaha yake, na sisi tunashukuru.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mama mkwe, nami mdogo wake. Yule mwalimu wa chekechea ameomba atajwe humu pamoja nasi, ingawa hatuna naye undugu wa damu. Ameomba pia abebe jeneza, upande wa kichwani, na familia imekubali.

Lala salama, dada. Mtu wako atakubeba.