Mshindani wa Pikipiki Ndani ya Basi

Gizani nilisikia bomba la jikoni likidondosha maji, nikaamka, nikamvalisha binti yangu tukawahi basi la mjini, hapa Buffalo ughaibuni. Mbele yetu mama mmoja Mrundi, mwenye sare ya kiwandani, alikuwa akimhoji kijana aliyepakata kofia mpya ya mashindano.

"Mwanangu, unashindana kwa pikipiki, halafu mjini unapanda basi?"

"Huku mjini, mama, watu wanaendesha wakitazama simu. Kule uwanjani sote tunakwenda upande mmoja. Na kila boliti naifunga waya kwa mkono wangu, isilegee."

"Umesema mkeo ana mimba ya miezi minane. Na moyo wake umeufunga waya?"

Kijana akacheka, kidogo. "Nikiacha nitafungua gereji, mama. Yeye amesema nishindane Jumapili hii, kisha tutaongea."

"Ehee! Tutaongea," mama akarudia, kwa sauti ya mtu ambaye naye aliwahi kumwambia mumewe hivyo.

Basi likasimama, kijana akainuka akimuaga yule mama kwa heshima. Binti yangu akamwambia yule kijana, "Mjomba, Jumapili usianguke."