Alama ya Ukutani

Mbele yangu kwenye basi, mama mmoja alikuwa amepakata kiti cha mtoto cha gari, kipya, bado kiko kwenye nailoni. Jirani yake, dereva wa teksi ambaye hakuulizwa kitu, alisoma kibandiko. "Dada, hiki mwisho kilo kumi na nane. Mwanao ana ngapi?"

"Nimekisia kwa alama ya urefu wake ukutani kwangu. Baba yake kasema bila kiti kinachomtosha, leo hanipi mtoto."

"Alama ya lini?"

"Ya siku alipomhamishia kwake."

"Juzi?"

"Miaka miwili."

Dereva wa teksi akakisoma tena kibandiko. "Kakibadilishe, dada."

"Nikawaambie dukani sasa ana kilo ngapi?"

Basi likasimama. Kituoni, ubavuni mwa mwanamume mwenye gari, msichana mrefu alikuwa akimkagua usoni kila mwanamke aliyeshuka.