Mama Selina Kija na Taa Isiyojua Kushiba

Juni 30, 1999, Bi. Selina Kija anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya ufundi umeme katika karakana yetu ya boti, Pasiansi. Alianza tukiwa shirika la umma, akavuka nasi ubinafsishaji, na hakuna meneja aliyethubutu kugusa bisibisi zake. Ametufokea mpaka tumezoea, na tutamkumbuka mno.

Kilichomnyima raha ni kidole cha Antoni Chenge, makanika wa boti ya Nansio. Mwaka 1997 balbu ya tochi ilikatika kwa mtikisiko akiwa chumba cha injini, na mkanda wa feni ukamkata kidole gizani. Tangu hapo Antoni, mtu mzima, aliogopa kushuka humo. Kila siku visingizio, mpaka uongozi ukaanza kutafuta mtu wa kushika nafasi yake.

Mama Selina akaenda dukani kwa Zeeshan, Mirongo, akanunua taa mbili ndogo za LED, mali mpya kutoka Dubai, zisizo na uzi ndani wa kukatika. Ya kwanza akaijaribu kwenye tochi ya betri tatu zilizochoka, ikawaka vizuri. Lo, Antoni naye! Kwa mazoea yetu ya balbu, akaweka betri mpya, na ya nne akaifunga kwa mpira wa baiskeli ili mwanga uongezeke. Uliongezeka kweli, kisha taa ikafa.

Siku hiyo tulisemwa karakana nzima. Balbu ikipata moto hujizuia, alifoka, lakini LED haina breki: ukiizidishia nguvu kidogo tu, inabugia mkondo wa umeme hadi inaungua. Zile betri zilizochoka ndizo zilizokuwa zinaibania. Akachomoa rezista kwenye redio mbovu, kile kipande kidogo chenye mistari ya rangi, akakiunganisha kati ya betri na taa iliyobaki ili kibane mkondo, nguvu ya ziada iishie kuwa joto kidogo. Akamkabidhi Antoni tochi.

Antoni akashuka. Sisi tukangoja juu, Mama Selina akivutavuta pindo la kanga. Injini ikanguruma, naye akapanda akiwa mzima, akainama mbele yetu sote na kumpa Mama shikamoo, ingawa yeye Antoni ndiye mkubwa kwa umri. Mama mwenye maneno yote yale akashindwa kuitikia, akalia.

Asante kwa kila kitu, Mama Selina. Ukapate afya, samaki wabichi na wajukuu wa kuwafokea. Leo tunakuamkia wote, Antoni akiwa mbele: shikamoo. Safari hii itikia, mama.