Kitabu Chake, Vipimo Vyangu

Waombolezaji wenzangu, karatasi hii nimeiandika mwenyewe, ile ya wanaukoo iliyosema marehemu hakuwahi kugombana na mtu nimeiacha nyumbani, kwa kuwa mimi ni dada yake wa pekee na nimegombana naye miaka thelathini na moja.

Marehemu kaka yangu, mliyemzoea kwa jina la Tabibu Kitabu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la dawa la baba yetu, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1965, akaanza kazi dukani Januari iliyofuata, akiketi mbele kupokea wagonjwa na sifa, mimi nikiwa nyuma na kinu.

Dukani humo kulikuwa na kitabu cha tiba ya Kiyunani, kurasa mia mbili na kumi na mbili, kilichonakiliwa kwa mkono na babu yake baba, na kwa desturi ya ukoo kila dawa iliandikwa kamili isipokuwa kipimo, hapo paliachwa wazi, ili mwizi akikiiba aibe karatasi tu. Baba alipokuwa anakata roho, tarehe 2 Juni 1993, alimpa kaka kitabu, mimi akaninong'oneza vipimo, akasema mkono mmoja haulei mwana, kwa hiyo tutalazimika kuelewana. Masikini baba, hakumjua mwanawe.

Mwezi haukuisha, marehemu akabadilisha kufuli, akawatangazia wateja kwamba dada yake ni mtwangaji tu, na zile nafasi tupu akazijaza kwa kalamu ya bluu, kwa kubahatisha, ndugu zangu, jicho moja kwenye mizani na jingine kwenye kioo. Alifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1995, akajaliwa binti mmoja, naye akamweka wapi? Nyuma, na kinu kilekile.

Agosti mwaka huu, 2024, alishikwa na jongo kwenye kidole gumba cha mguu, akafungua ukurasa wa tisini na nne, penye ule mzizi mchungu ambao kidogo huponya na ukizidi huua. Tarehe 16 binti yake alinijia kwa siri, akaniamkia, akasema shangazi, baba anakunywa kesho, naomba kipimo, nami nikamjibu kwamba mwenye mguu ana mdomo, aje aombe mwenyewe. Hakuja. Alikunywa kwa kipimo cha kalamu ya bluu, akalazwa, akafariki tarehe 20, saa tano asubuhi. Mnaonong'ona hapo nyuma kwamba kiburi ndicho kilichomuua mnasema kweli, ila cha kwangu hamkukihesabu. Inaniuma, na hasira nayo bado haijaniisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku tatu, majirani mliotuazima viti, na wauza dawa wenzake mliofunga maduka leo, hata wale mliokuwa mkimcheka. Wewe binti yake, acha kulia, Jumatatu saa mbili asubuhi uje kwangu na kitabu, tufute bluu yote, nikutajie kipimo kimoja kimoja, na safari hii tutaviandika, wezi na waibe.

Pumzika kwa amani, kaka, ungekuja hata ukichechemea ningekwambia.